Sentensi Kamili Dirishani

Jumatatu, kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa, mama mmoja mtu mzima kutoka Ganze alimwinua mjukuu wake ili karani amwone. Kiswahili chake ni cha kuuzia makaa mjini: maneno machache, lakini yanatosha.

"Mtoto moto, mwanangu. Kunyonya hapana. Tangu jana."

Karani akaweka kalamu chini. "Mama, hapa si sokoni. Sema: mjukuu wangu ana homa na hanyonyi."

Mama akajaribu, akakosea. Karani akatikisa kidole. "Tena!"

"Wee karani," mwanamke nyuma yangu kwenye foleni akafoka, "waandikisha mgonjwa au wasahihisha mtihani?"

Mama alirudia mara tatu, kichwa cha mtoto kikilegea begani. Ndipo muuguzi akatoka, akamgusa mtoto shingoni, akamchukua mbio bila kuuliza neno.

Nilimzika mke wangu kabla ya Pasaka. Siku yake ya mwisho aliniambia, "Maji. Mkono." Nikampa vyote viwili. Nami tangu hapo namwomba Mungu kwa maneno yaliyovunjika, wala hajaniambia nirudie.

Karani, mtoto yu hai wodini. Akipona, mfundishe bibi yake sarufi upendavyo. Lakini atakayekuja kesho na maneno mawili, mwandikie cheti kwanza.