Nilivyokataa Kuchagua Kundi

Nilikuwa chuoni Mazimbu nikisomea shahada ya pili, natengeneza modeli ya kompyuta kuonyesha jinsi watu wanavyogawanyika kimawazo. Kwenye skrini kila mtu alikuwa nukta, na kila nukta ilisikiliza nukta zilizoungana nayo. Zilipobishana bila kuachana, misimamo ilisogeleana polepole. Nilipoziruhusu kukata mawasiliano na zisizokubaliana nazo, zikajitenga pande mbili, na kila upande ukazidi kuwa mkali.

Wakati huohuo kijijini kwetu, juu milimani Uluguru, ilitolewa hoja kwamba watu waache kulima kando ya kijito ili maji yasikauke. Mjomba, ambaye bustani yake ya kabichi iko palepale ukingoni, alikataa. Mama mdogo, dada yake wa tumbo moja anayeishi chini bondeni, aliiunga mkono. Kundi la ukoo la WhatsApp likajaa matusi, likavunjika, yakawa mawili. Mimi nikabaki kwenye yote mawili.

Mjomba akanipigia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Toka kule kwa wale."

"Sitoki."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, ndiyo maana sikudanganyi. Sitoki."

Akaniondoa kundini kwake saa ileile. Kesho yake mama mdogo akaniita kinyonga, naye akaniondoa kwake. Nililia. Kisha nikapandwa na hasira. Miezi yote ile nimeliona jambo hili kwenye skrini, halafu linifike mimi mwenyewe ninyamaze?

Jumamosi nikapanda mlima. Mjomba alikuwa anamwagilia, hakunitazama. Nikachukua ndoo, nikamwagilia tuta la pili. Tulipomaliza nikampigia mama mdogo, nikaweka spika.

"Mama, mjomba yuko hapa. Yale unayoniambia mimi, mwambie mwenyewe."

Nikamkabidhi mjomba simu.

"Kaka," alisema mama mdogo, "kabichi zimefunga vichwa?"

"Zimefunga. Na sing'oi hata moja."

"Utang'oa! Huku tunakunywa matope!"

Wakabishana mpaka chaji ikakaribia kuisha. Hakuna aliyekubali. Lakini nilimsikia mjomba akiuliza, kwa sauti ya chini, matope yalianza lini.

Akanirudishia simu. "Mwambie kesho anipigie kwangu. Sijamaliza naye."

Tangu siku hiyo wanapigiana, na wanagombana kwelikweli. Mimi hawajanirudisha kundini, si huku wala kule. Sijawaomba, na sitawaomba.