Mtaalamu wa Kuuliza

Kazi yake ukiielewa utacheka. Alilipwa kuuliza watu wanataka nini, basi. Hata programu ya kompyuta iliyotokana na majibu yao hakuitengeneza yeye. Walikuwepo mafundi wa kuitengeneza, mahali pengine kabisa, watu ambao kiwanda wamekiona kwenye picha tu. Yeye aliingia kiwandani na shati lake la mikono mirefu na kompyuta begani, akauliza, akaandika, kisha akawatumia mafundi alichoandika, nao wakakijenga hivyo hivyo kilivyo. Akiandika ukweli, kiwanda kinapata mfumo unaofanya kazi. Akiandika upuuzi, upuuzi unajengwa vizuri, unapakwa rangi ya buluu, na watu wanafundishwa kuutumia. Walimwita Mtaalamu, na jina hilo lilimkaa vizuri kichwani, maana kichwani palikuwa na nafasi ya kutosha.

Kazi ya kiwanda cha sabuni aliipata kwa mgongo wa kaka wa mkewe. Shemeji huyo alikuwa mtunza stoo pale. Aliposikia mkurugenzi anatafuta mtu wa mfumo mpya, akampelekea jina la Mtaalamu na kumsifia mpaka akatia chumvi. Halafu jioni akaja kwao, akavuta kiti, akamweleza jambo moja tu.

"Shemeji, sabuni ikitoka kukatwa ina maji. Tunaipanga kwenye rafu ikauke, na ikikauka uzito unashuka. Ndiyo maana sisi tunapima mara mbili, na hesabu yangu inaanzia mzani wa pili. Ukisahau yote, hilo usisahau. Wakiniandikia sabuni mbichi, nitaonekana mwizi."

"Ondoa shaka," Mtaalamu akasema, huku akikoroga chai. Mkewe alikuwa pale pale, anakunja nguo, akasikia kila neno.

Sasa, kiwanda kile kilikuwa na utaratibu wake. Kwenye kikao mkurugenzi anazungumza kwanza, na akishazungumza, kikao kimekwisha. Wengine wanabaki kukubali kwa zamu, kuanzia mwenye cheo kikubwa hadi mdogo. Hakuna aliyewahi kuandika kanuni hiyo mahali, lakini mfagizi wa siku ya kwanza anaijua. Mtu mwenye akili, ambaye kuuliza ndiyo kazi yake, angewafuata watu mmoja mmoja kwenye mitambo na stoo. Mtaalamu aliwaita wote chumba cha mikutano, akawasha projekta, akaagiza biskuti.

"Mimi nataka namba moja," mkurugenzi akasema. "Sabuni ikikatwa, ipimwe, iingie stoo kwa uzito huo. Ikitoka, ipimwe, nione kama namba ni ile ile. Hii habari ya kupima mara mbili kabla ya stoo ndiyo inayoleta ujanja."

Meneja wa uzalishaji, ambaye amesomea sabuni chuo kikuu na cheti chake amekitundika juu ya meza ili wageni wasikikose, akaitazama biskuti yake kama vile ameanza kuisomea na yenyewe. Mhasibu akachora maua pembeni ya karatasi. Wote walijua sabuni hukauka. Jamani, nani hajui? Hata ukiiacha bafuni inakauka. Lakini kila mmoja alimwachia mwenzake aseme, na midomo ikajaa maji.

Mtaalamu akakohoa kidogo. Macho yote yakamgeukia, na hapo ndipo palikuwa pa kumlipa shemeji wema wake. Sentensi moja ingetosha.

"Ni mtazamo mzuri sana, mzee," akasema. "Kwa kweli unarahisisha mambo."

Eti mtazamo! Akaandika namba moja, wakatia sahihi wote, wakapigiana makofi, na biskuti zilizobaki akazifungasha.

Mfumo ukaanza. Sabuni ikaingia stoo ikiwa mbichi, ikatoka ikiwa kavu, na kompyuta, ambayo haina aibu wala ndugu, ikaonyesha upungufu kwa rangi nyekundu. Wiki iliyofuata vilevile. Mtunza stoo akaeleza, akaambiwa anajitetea. Akawapeleka kwenye rafu, wakamwambia asiwachezee akili. Kisha akasimamishwa kazi, na mlinzi ambaye walizoea kutaniana naye kila asubuhi akampekua begi getini.

Kikaitishwa kikao cha kuamua afukuzwe au arudishwe. Mkurugenzi akamgeukia Mtaalamu, na safari hii aliuliza kweli, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua.

"Wewe ulizungumza na watu wote. Kuna yeyote aliyekutajia sababu nyingine ya uzito kupungua?"

Mlango ulikuwa wazi, na mwenye nyumba anamkaribisha apite. Mtaalamu akafungua kompyuta yake, akajifanya kutafuta, akapandisha ukurasa, akaushusha.

"Hapana, mzee. Haikujitokeza kwenye mahitaji niliyokusanya."

Shemeji akafukuzwa kwa wizi wa maji ya sabuni. Na Mtaalamu, kwa kuwa mtu anayekubaliana na wakubwa hakosi riziki, akapewa awamu ya pili: mfumo wa kukamata wezi wa stoo.

Nyumbani alimsimulia mkewe yote. Hakusimulia kwa kutubu, msimdhanie mema. Alisimulia ili apate kuhurumiwa. "Ningefanyaje? Mzee alikuwa ameshaamua." Mkewe alimwekea chakula, akakaa upande wa pili wa chumba.

Kesho yake shemeji akaja, amekonda uso, na mkononi ana mfuko wa matunda. Akampa Mtaalamu mkono, akaushika muda mrefu.

"Nimekuja kukushukuru, shemeji. Najua ulinipigania mle ndani. Wameshindwa kukusikiliza tu."

Mtu mwingine angeomba ardhi ipasuke immeze. Huyu akapokea matunda. "Usijali," akasema. "Sisi ni ndugu."

"Kaka," mkewe akasema, taratibu, "hakukupigania. Mzee alimuuliza, na yeye akasema hajawahi kuambiwa."

Shemeji akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akingoja mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Akakaa chini.

"Lakini nilikuambia," akasema. "Dada alikuwepo. Nilikuambia hapa hapa."

Mtaalamu akaweka mfuko mezani, akainyoosha kola, akapata lile jibu ambalo nadhani alilala analitafuta.

"Uliniambia, shemeji, sikatai. Lakini hukuniambia rasmi."

Mkewe akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amejifunga mtandio na ana begi la nguo mkononi, na akamwambia kaka yake ainuke waende.