Siku Mjomba Alipokunywa Bahari ya Memsahibu

Nacheka mimi kwanza, maana aibu ukiicheka mwenyewe haiumi sana kama ukichekewa na watu. Na hii ya kwangu Masasi nzima waliicheka, wengine hata hawakuwapo siku ile lakini walicheka kama waliokuwapo. Ila siwezi kuianza kabla sijawaeleza habari ya kuku wa bibi yangu, na mwenye haraka zake atangulie tu.

Bibi alikuwa na kuku mweusi kule Newala, kuku mkali hata mbwa walimpisha njia. Kipupwe kimoja, ule wakati wa ukungu ambapo mtu akija unaona koti kwanza ndipo unamwona mwenye koti, kicheche akamnyakua kuku yule akiwa analalia. Watu wakasema mayai yakaangwe. Bibi akakataa. Akatoa sufi kwenye mto wake, akayafunga mayai humo, akayaweka karibu na mafiga, na kila mara anachukua moja anagusisha kwenye kope la jicho, akiona limepoa anasogeza motoni, akiona limepata joto mno anarudisha nyuma. Babu akalala bila mto wiki hizo zote (mto ulikuwa wa wote wawili, bibi hakuuliza). Basi vikatoka vifaranga, na vikamfuata bibi kila mahali, mpaka msalani, vikidhani ndiye mama yao. Mimi nilikuwa mtoto mdogo lakini nikashika hilo: joto hupimwa kwa kope.

Na kope hilo ndilo lililoniponza.

Nilipokuwa kijana, enzi za Mwingereza, ile miaka yake ya mwishomwisho, nilikuwa mpishi wa Mzungu mmoja pale Masasi. Bwana mwenyewe alikuwa wa kujenga barabara, haonekani nyumbani ila kuleta nguo za kufuliwa. Mke wake, Memsahibu, alikuwa mpweke, na upweke wake akautia kwenye kisanduku cha kioo, kidogo, ungeweza kukikumbatia kama mtoto mchanga. Ndani ya kisanduku kulikuwa na maji ya bahari yaliyoletwa kwa lori kutoka Mikindani, na humo wakaishi samaki wawili, mmoja wa buluu na mmoja wa njano mdogo kama mbegu ya boga, na kaa mmoja mdogo sana anayetembea na nyumba ya konokono mgongoni. Bahari, hapo, Masasi, chini ya majabali, siku nzima kutoka pwani!

Kazi ya bahari ile ilikuwa joto lake. Kulikuwa na kijiti cha kioo chenye uzi mwekundu ndani, uzi unapanda kukiwa na joto unashuka kukiwa na baridi, na Memsahibu alikipaka rangi yake ya kucha mistari miwili. Uzi usivuke mstari wa juu, usishuke wa chini. Akaniambia kwa Kiswahili chake:

"Bahari kubwa, jua piga, hapana shida. Bahari kidogo, jua piga, samaki kufa upesi."

Nami, kwa ujinga wa kutaka kusifiwa, nikamsimulia habari ya bibi na mayai. Akafurahi mno, akapiga makofi. Kumbe nimejifunga. Msimu wa korosho ulipoingia akapata safari ya kwenda Lindi kutibiwa jino, akaniambia, "Hamisi, wewe mtu ya joto. Wewe kaa na samaki." Akanifundisha kufunga kitambaa chenye maji kukizunguka kisanduku, kufungua madirisha na kupepea. Akaondoka na shavu lake limevimba.

Sasa, wiki hiyohiyo nilikuwa na jambo langu kubwa kuliko samaki wote wa baharini. Nilikuwa nimemposa Zuhura, binti wa Newala, na ujumbe ulikuwa umekuja kwamba mjomba wake, Mzee Lipande, atateremka na Mama Zuhura kuja kunitazama ninavyoishi. Kwetu baba ana maneno yake, lakini mjomba akisema hapana, hapana hiyo haina wa kuibishia. Na watu wa Newala wakija kumtazama mkwe hawatazami kitanda wala shati, wanatazama mtungi. Maji kule yanafuatwa bondeni, mama anateremka ule mteremko kukiwa bado giza na kuupanda tena na mtungi kichwani, kwa hiyo maji ya mwenyeji hayakataliwi, hayabakizwi, na kutema ni tusi.

Siku waliyosema watafika, joto lilikuja la kulipiza kisasi. Bati la nyumba ya Bwana lilikuwa linalia lenyewe, kwa, kwa, kwa. Nikalowesha kitambaa, kikakauka. Nikapepea kwa sinia mpaka bega likagoma. Uzi ukagusa mstari wa juu, na samaki wa njano akawa anapumulia juujuu, mdomo wazi, kama mzee aliyepanda mlima.

Ndipo nikajiambia, Hamisi, wewe si mtoto wa Newala? Maji yakitaka kupoa yanawekwa wapi? Nyumba yangu ya uani ilikuwa ya udongo na nyasi, ndani baridi na giza, na kwenye kona juu ya mawe matatu ulikaa mtungi wangu mpya, mzuri, nimeununua makusudi kwa ajili ya macho ya mjomba. Nikahamisha maji yangu ya kunywa kwenye debe, nikalisukuma chini ya kitanda. Nikamimina bahari yote mtungini, na samaki, na kaa, na kile kijiti nikakining'iniza kwa uzi. Nikafunika, na kata ya kuchotea nikaiweka juu. Baada ya muda nikachungulia: uzi umeshuka, umekaa katikati ya mistari kama kadhi barazani! Nikajisifu peke yangu, kwa sauti. Kisha nikakumbuka sina kitoweo cha wageni, nikakimbilia sokoni kutafuta kuku.

Wageni wakafika nikiwa sokoni.

Jirani yangu wa uani alikuwa Mama Fatu, mke wa mtunza bustani, mwanamke mwema, na wema wake ulikuwa na mbio. Akawakaribisha, akawatandikia mkeka nje mlangoni kwangu, na majirani wakaja kuwaamkia, mkeka ukajaa. Nikatokea na kuku kwapani.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba, baba. Tumekukuta una shughuli."

Hapo kumbukeni, mama mkwe alikuwapo, na kwetu mwanamume hamkodolei macho mama mkwe. Basi nikachuchumaa kwa adabu, nimegeukia ukuta, nikamwamkia Mama Zuhura nikiutazama udongo. Nyuma yangu nikamsikia Mama Fatu akisema, "Hata maji hawajapewa, jamani!" na kandambili zake zikaingia ndani kwangu. Mimi nikawaza, ataona debe. (Debe liko chini ya kitanda! Nani ataliona?) Akili yangu ilikuwa kwa kuku, aliyekuwa ananidonoa mbavu.

Nikasikia maji yakimiminwa kikombeni, kimoja, kisha cha pili. Nikasikia mjomba akinywa, gu. Akaguna. Kisha akaendelea, gu, gu, gu, taratibu sana, kama mtu anayekula kiapo, mpaka mwisho. Akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi," akasema, sauti imekwaruza. "Maji ya Masasi… yana nguvu."

Bado sikuelewa, wallahi.

"Na kitu kimepita," akaongeza. "Kimepita kikicheza."

Hapo Mama Zuhura akapiga ukelele. "Kaka! Maji yao yana macho! Tazama, yananiangalia!"

Adabu ikaisha. Nikageuka. Mama mkwe ameshika kikombe mbali na mwili kama ameshika makaa, na ukingoni kaa wangu amejitokeza kwenye nyumba yake, ananyoosha vikono kama anayeomba kushuka. Mjomba amekaa wima, mikono magotini, jasho linamtoka, ametazama mbele.

"Mjomba, temeni! Ni bahari ya Memsahibu, nimeipepea tangu asubuhi!" nikapiga kelele.

"Niteme maji ya watu?" akasema. "Mbele ya watu?"

Majirani wakaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mdomo, kisha wakalala kwenye mkeka wa wageni. Mama Fatu akawa anazunguka anasema, "Mimi nimechota mtungini! Maji si huwa mtungini?" Na alikuwa na haki. Mtungi ule haukuwa na kosa, wala Mama Fatu.

Wakati huo gari likaingia uani. Memsahibu, shavu limeshuka, amebeba chupa mbili kubwa za maji mapya ya bahari. Akaona watu, akaniona mimi na kuku, akaelekezwa mtungini. Akavuta kijiti, akakitazama juani, uso ukamng'aa.

"Joto mzuri sana, Hamisi! Mzuri kabisa!" Akachungulia ndani. "Moja hapa. Ile njano wapi?"

Mama Fatu akanyoosha mdomo kuelekea tumbo la Mzee Lipande.

Memsahibu akakaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka. Baadaye akauliza, "Mzee, tumbo nzuri?"

"Tumbo zima, mama," mjomba akajibu kwa heshima, "ila linaogelea."

Kisha akasimama, akajikung'uta, akanigeukia. Watu wakajiinua kwenye mkeka.

"Hamisi. Newala nzima nimeuliza kama wewe mlevi, nimeuliza kama wewe mgomvi. Sikuuliza kama unafuga vitu mtungini, maana sikujua kwamba hilo ni la kuuliza. Dada yangu huyu anateremka bonde lile kila siku Mungu anayoleta. Hapa maji yasiyonyweka yana mlinzi, yanapepewa. Sisemi hapana. Nasema hivi: ukimtaka Zuhura, njoo ukae kwetu, na maji ya nyumba utateka wewe, kwa kichwa, na wanawake wakuone, mpaka ujue mtungi ni wa nini."

Mwanamume, mtungi kichwani, kwenye mteremko wa Newala! Majirani wakaanza upya.

Niliteka, jamani. Shingo yangu hii mnayoiona imekaa ndani ya mabega ni ya mwaka ule. Wasichana walinitungia nyimbo, na mwenye kuongoza wimbo alikuwa Zuhura mwenyewe, huyuhuyu anayecheka hapo ndani akidhani simsikii. Na tangu hapo nimeapa, kwangu mtungini hakijawahi kuingia kitu kisichonyweka, na mgeni akija naonja mimi kwanza, mbele ya macho yake, hata akiwa ni shehe.

Lakini siku ile nilikuwa nimesimama tu. Mjomba na dada yake walikuwa wameshafika barabarani, wanashika njia ya kwenye malori ya Newala, hawatazami nyuma. Memsahibu alikuwa anamhamisha kaa kwa kijiko, akimsemesha kwa lugha yake. Bati lilikuwa linalia, kwa, kwa. Nikavua aproni, nikaitundika kwenye msumari wa mlango wa jiko, nikamweka kuku vizuri kwapani, nikawafuata. Nyumba ile sikurudi tena.