Wewe Ulipita, Njoroge Hajapita

Iko siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka viganja vyangu hutoka jasho, ingawa nimezeeka na wengi wa walionitisha siku hiyo wamekwisha kuzikwa. Umeniambia unataka kwenda kusomea fizikia ya nadharia, ile isiyohitaji mitambo ila karatasi na kichwa. Mama yako anaogopa utakosa kazi. Mimi naogopa jambo jingine kabisa, ndiyo maana nimekuketisha hapa badala ya kukuacha uende zako na simu yako. Vumilia. Sitasema sana, ingawa najua umenisikia nikiahidi hivyo mara nyingi.

Ilikuwa mwisho wa mwaka wa hamsini na sita, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau na kumshuku kila Mgikuyu. Baba yangu alikuwa fundi wa reli pale Nakuru, Mluhya aliyetoka pande za Bungoma, nasi tuliishi katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Nilikuwa nasoma chuo huko Kampala pamoja na rafiki yangu Njoroge, ambaye kwao ni Kariandusi, kule kunakochimbwa mawe meupe, laini kama chaki. Mwalimu wetu wa fizikia, Bwana Desai, alitupa hesabu moja ya kufanya likizoni. Alikuwa anasafiri kwenda Uingereza, na akiwa njiani angeshinda siku moja Nakuru kwa ndugu yake mwenye duka la vitambaa. Alitaka tufike hapo sote wawili tumweleze hesabu hiyo kwa midomo yetu, kwa sababu alikuwa na nafasi ya kumpendekeza kijana mmoja kwenda kusoma ng'ambo.

Nikueleze hesabu yenyewe kwa lugha ya jikoni. Katika nadharia ya uga, elektroni si punje ya mtama iliyokaa mahali. Ulimwengu wote umejaa kitu tunachokiita uga, na chembe ni mtikisiko wa huo uga, kama wimbi lilivyo mtikisiko wa maji ya ziwa. Ili kuzijua sheria za mitikisiko hiyo, tunauliza: nikigeuza nini, mambo yatabaki vilevile? Huo ndio ulinganifu. Wakati huo karibu kila mwanafizikia aliamini kwamba ukiutazama ulimwengu kwenye kioo, kushoto kukawa kulia, sheria zake hazibadiliki hata kidogo. Hesabu yetu ilihusu viini vya atomu vinavyooza na kutema elektroni. Ulipoifanya, mara kilijitokeza kipande ambacho kwenye kioo kinageuka. Hukukiuliza kimetoka wapi. Ulikifuta, ukajilaumu kwa kukiruhusu kuingia, ukaendelea. Ndivyo tulivyofunzwa kufanya kazi, na mimi nilikuwa hodari wa kufuta.

Siku chache kabla ya Bwana Desai kufika, nilipanda lori la viazi kutoka Molo lililokuwa likielekea Nairobi, nikaenda kumchukua Njoroge. Karibu na Elmenteita kulikuwa na kizuizi. Askari alinitazama, akaniuliza kabila langu, nikajibu, akanipungia mkono nipite. Nilikuwa bado natafuna muwa. Nilifika Kariandusi nikiwa na furaha ya mtu asiyejua kitu.

Mama yake Njoroge alikuwa akiwauzia wachimbaji uji. Mumewe alikuwa ametoka asubuhi moja kwenda Gilgil, akasema atarudi jioni, askari wakamchukua njiani, na hadi siku hiyo mama huyo hakujua amewekwa kambi gani ya wafungwa. Alinipokea vizuri sana. Alinipa kiti kilichokuwa cha mumewe, na mimi, bila kufikiri, nikakikalia.

Nikawaambia mpango wangu. Kesho asubuhi mimi na Njoroge tungesimamisha lori lolote, tungelala kwetu landhi, na kesho yake tungekuwa dukani kwa ndugu yake Bwana Desai. Njoroge aliuliza habari ya kizuizi. Kibali chake cha kusafiri kilikuwa cha kutoka chuoni hadi nyumbani na kurudi chuo kikifunguliwa, basi. Hakikusema neno lolote kuhusu Nakuru.

"Hakuna shida," nikasema. "Mimi nimepita leo hii. Hata hawakunishusha kwenye lori."

Mama aliweka kata chini. Hakupaza sauti, lakini niliona aibu kabla hata hajasema.

"Barasa, kijana yangu," akasema, "wewe ulipita. Njoroge hajapita. Umeona njia inapitika na wewe, sasa unaniambia njia iko wazi?"

"Lakini mama, tuko sawa. Tunasoma darasa moja, tuna barua ya mwalimu mmoja."

"Nani amepima kama mko sawa? Njia ya Mgikuyu inapimwa na Mgikuyu. Hapa sisi hufanya hivyo hata tukienda kutafuta kuni."

Nikaja kujua kwamba ndivyo akina mama wa pale walivyokuwa wakiishi. Kabla ya kundi kwenda kokote, mmoja wao, mtu mzima mwenye kitabu cha kusafiria kama chao, kile walichopewa Wagikuyu, alitangulia na kiondo chake cha kubebea vitu. Akirudi salama, wengine walikwenda. Asiporudi, walibaki majumbani na kuanza kuomba. Kumtuma mtu kama mimi hakukusaidia chochote, kwa sababu mimi ningepita siku zote.

Asubuhi mama mwenyewe ndiye aliyetangulia. Njoroge alimsihi asiende, akasema hataki tena ng'ambo wala hesabu. Mama alimjibu kwamba yeye ni mzee, wakimkamata watamfokea tu, lakini kijana msomi watampeleka alikopelekwa baba yake. Alitia viazi kwenye kiondo ili aonekane anakwenda sokoni. Tulimtazama akishuka mpaka lile vumbi jeupe likamficha.

Sasa, mwanangu, hapa ndipo hofu ilipoingia, na sitakuficha kwamba sijawahi kuogopa vile tena, hata nilipokuja kulazwa kupasuliwa tumbo. Kutoka pale hadi kizuizini si mbali. Angeweza kwenda na kurudi kabla uji haujapoa vizuri. Uji ukapoa. Ukashika ngozi juu. Kila gari lililonguruma barabarani nilisimama, na kila nilipokaa niligundua kwamba nimekalia tena kile kiti cha baba yake Njoroge, nikainuka kama niliyeungua. Mwishowe nikakaa chini sakafuni.

Njoroge alikuwa ameketi mezani na zile karatasi zetu za hesabu. Alikuwa akiandika bila kuinua kichwa. Nilidhani anajisumbua tu ili asifikiri. Kisha akaninyooshea karatasi yangu, akaweka kidole palipofutwa.

"Hiki kipande, Barasa. Mbona ulikifuta?"

"Kinageuka kwenye kioo. Hakiwezi kuwepo."

"Nani alipima?"

"Kila mtu anajua, Njoroge."

"Nani alipima?"

Nikaanza kumtajia. Nguvu za umeme zimepimwa, nikasema, zimepita. Nguvu zinazoshikilia kiini cha atomu zimepimwa, nazo zimepita. Nilipofika kwenye hii nguvu dhaifu inayokifanya kiini kioze, ile ambayo ndiyo hesabu yetu yote, nilitafuta jina la aliyeipima, nikakuta hakuna. Wale wengine walipita, na sisi tukatangaza kwamba njia iko wazi kwa wote. Njoroge akakiandika tena kile kipande, polepole, herufi moja moja, na machozi yalikuwa yakimtoka. Hayakuwa machozi ya fizikia.

Jua lilipovuka paa sikuweza kuvumilia tena. Nikasema naenda kumtafuta mama. Njoroge alinishika mkono.

"Ukienda utapita," akasema. "Halafu utakuwa umejua nini?"

Hakusema kwa ubaya, lakini iliniuma kuliko kofi. Nikabaki. Wachimbaji wakatoka kazini, weupe kuanzia nywele hadi viatu, wakapita mbele ya mlango wakitafuta uji wao, wakaona sura zetu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Waliinamisha vichwa wakaenda. Hapo nikaanza kuamini kwamba hatarudi.

Alirudi jioni, kabla giza halijaingia. Hakuwa na viazi, kiondo kilikuwa kimekanyagwa, na magoti yake yalikuwa na matope makavu. Alikunywa maji kwanza. Kisha akatueleza, akimtazama Njoroge, kwamba yeye na wengine walichuchumalishwa mstari mmoja kizuizini tangu asubuhi, wakaletewa mtu wa kuwatambua Mau Mau, aliyefunikwa gunia kichwa kizima, lenye matundu mawili ya macho. Yule mtu alikuwa akipita mbele ya kila mmoja. Akitikisa kichwa, unapandishwa kwenye gari.

"Alisimama kwangu," mama akasema. "Akasimama sana. Nikaona macho yake, nikajua ni mtu aliyekunywa uji wangu."

Akajimiminia maji mengine. Nilitamani asiendelee, na nilitamani aseme haraka.

"Akaenda kwa mwingine. Basi sasa tunajua njia ilivyo. Njoroge, wewe hutoki hapa."

Hakunilaumu hata kwa jicho. Asubuhi yake alinipa viazi vya kuchemsha nile njiani. Nilipofika kizuizini askari alinipungia mkono nipite, kama nilivyojua atafanya, na safari hii nilitamani anishushe.

Bwana Desai alikuwa amekaa kati ya majora ya vitambaa, anakunywa chai. Alitazama nyuma yangu.

"Wapi Njoroge?"

"Barabara imefungwa, bwana. Hakuweza kufika."

"Imefungwa?" Akakunja uso. "Wewe mbona umefika?"

Mwanangu, huyu alikuwa mtu mwema na mwenye akili kuliko wote niliowajua. Ningeweza kunyamaza hapo. Nafasi ilikuwa moja, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele yake. Nakiri wazo hilo lilinipitia, na liliponipitia nikaona yale matundu mawili ya gunia, nikaogopa kwamba hata mimi naweza kuwa yule mtu. Kwa hiyo nilimwambia kila kitu, kuanzia kiondo hadi magoti. Nikamwonyesha karatasi, nikamwambia kipande hiki kimerudishwa na Njoroge, na swali la nani alipima ni lake, nalo alilipata kwa mama yake.

Aliisoma ile karatasi mpaka chai ikaota utando. Hatimaye alisema kwamba amesikia kuna watu ng'ambo walioanza kuuliza hivyohivyo, na kwamba yeye mwenyewe aliwacheka. Akatoa kalamu akaandika jina. Sikuhitaji kuchungulia kujua ni la nani.

Mwaka mpya ulipoingia habari zikafika hadi Kampala. Wanafizikia wa ng'ambo walikuwa wamepima. Walichukua kipande cha madini ambayo viini vyake vinaoza, wakakitia kwenye baridi kali kupita kiasi, wakahesabu elektroni zinazotoka huku na zinazotoka kule, wakakuta hazilingani. Ile nguvu dhaifu haikupita kwenye kioo. Wakubwa wa fizikia duniani walikuwa wamekifuta kile kipande kwa miaka, kama mimi, kwa sababu nguvu nyingine zilikuwa zimepita. Usije ukadhani sisi tuligundua kitu. Sisi tuliogopa tu siku nzima katika nyumba ya udongo, na mwisho wa hofu hiyo tukauliza swali.

Likizo iliyofuata tulikwenda kumweleza mama. Njoroge alimweleza kwa Kigikuyu, taratibu, habari ya kioo na ya njia iliyodhaniwa iko wazi. Alisikiliza hadi mwisho akisugua mikono yake, kisha akauliza jambo moja tu.

"Na huko, aliyetumwa kupima alirudi?"

Tulicheka kidogo, tukamwambia ni madini tu, mama, si mtu. Yeye hakucheka. Njoroge aliacha kucheka kabla yangu, maana alikumbuka magoti yale. Mume wa mama alirudi mwaka mwingine, amekonda, na akakaa kwenye kiti chake. Njoroge akaenda ng'ambo. Mimi nikabaki nikawa mwalimu, na sijawahi kujuta.

Basi ninachokuachia ni hiki. Utafika mahali pa watu wenye akili sana, na watakuambia mambo fulani yako sawa kwa wote, ukigeuza huku au kule. Mengi ni kweli. Lakini kabla hujafuta kitu kwa sababu hakiwezi kuwepo, uliza nani alipima, na alipima kwa kitu gani. Ukijibiwa kwamba kila mtu anajua, ogopa. Na ukikuta jibu, mkumbuke aliyechuchumaa ili wewe ulijue. Na wewe mwenyewe ukivuka salama, usiwageukie walio nyuma yako ukawaambia njia iko wazi. Waambie tu kwamba wewe ulipita.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akutangulie. Pale njia inapopitika akupitishe, na pale isipopitika akupe mtu anayekupenda wa kukuambia kabla hujafika.