Nilimfungia Mama Stefania Mtandao kwa Sababu ya Salamu

Nilikosa. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua: mdomo wangu ni hodari wa kutafuta wa kumlaumu, na safari hii hata dishi lililo juu ya paa la ofisi halina kosa.

Jina langu msiniulize. Niiteni Admini, cheo nilichokipenda kuliko jina nililopewa na wazazi wangu. Nimezaliwa Rungwe Mpya, Kasulu. Nikaenda Dar miaka mitatu kusoma kompyuta, nikarudi na stashahada, miwani isiyo na kazi na Kiswahili cha mjini. Kiha nilikisahau Ubungo, kama mtu anavyosahau mwamvuli kwenye basi. Angalau ndivyo nilivyotaka watu waamini.

Mwaka huu shirika moja linalohudumia wakimbizi likaniajiri ofisi ya Kibondo niangalie mtandao wa ndani. Kwa msioujua, hiyo si intaneti, hakuna fesibuku humo. Ni kompyuta zetu za Kibondo na za ofisi ya Kasulu zimeunganishwa zisomane zenyewe kwa zenyewe. Wa Kasulu akiandika orodha asubuhi, wa Kibondo anaiona hapo hapo bila kula vumbi la barabarani. Kila kitengo kina folda yake, na nani aingie folda ipi, anaamua Admini. Yaani mimi. Jamani, Mungu ana subira!

Chumba changu kilikuwa na kiyoyozi, eti seva zisipate joto. Seva na mimi tulikuwa tunapulizwa ubaridi wakati mkuu wa ofisi anajipepea na faili. Mtu akisahau paswedi anakuja mikono nyuma: "Samahani kaka Admini." Kichwa kikavimba, mlango nikauona mwembamba.

Sasa kulikuwa na Mama Stefania, karani wa kitengo cha watoto waliopotezana na wazazi. Mtu mzima, rika la mama yangu, Mha wa Kakonko. Kompyuta aliibonyeza kwa kidole kimoja, nami nilikuwa namcheka na wenzangu. Lakini kazi yake hakuna aliyeiweza. Asubuhi anakwenda kambi ya Nduta kuongea na Warundi walioingia, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Anamwuliza mzazi jina la mtoto, mlima waliotoka, maana kwao kijiji huitwa mlima, alama ya mwilini. Alasiri anafungua folda, anasoma majina ya watoto waliopatikana kambi ya upande wa Kasulu, analinganisha. Akikuta wamefanana, gari linatumwa kumleta mtoto. Basi, ndiyo kazi yenyewe.

Siku moja wakaja wageni kutoka makao makuu. Nikasimama kwenye korido nikiwaeleza mtandao kwa Kiingereza cha kukunja ulimi, mkono mfukoni, bosi kabisa. Mama Stefania akapita. Akasimama, akainama kidogo, akapiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana Waha. "Mwakeye, mwana wanje!" Umeamkaje, mwanangu.

Nilitakiwa nipige makofi na mimi, niitikie. Hata mtoto anayejifunza kutembea kwetu analijua hilo. Mimi nikaangalia simu.

Mgeni mmoja akacheka. "Kumbe wewe ni wa hapa hapa?"

Loh! Nilihisi nimevuliwa suruali. Wageni walipoondoka tu, nikaingia kwa seva zangu, nikafuta jina la Mama Stefania kwenye folda ya watoto. Nilibofya mara mbili, kazi imekwisha. Nikajisemea akae siku mbili tatu, ashike adabu.

Alasiri akabisha hodi. "Mwanangu, mashine inanikataa."

"Ni masuala ya usalama wa mfumo, mama. Jaza fomu."

Fomu gani? Haikuwepo! Niliitunga palepale, kurasa mbili, nikaipa na namba ya kumbukumbu ipendeze. Akaijaza. Nikamrudishia, nimetaka wino mweusi. Akaleta ya wino mweusi. Nikamwambia lazima isainiwe na mkuu, na mkuu nilijua yuko likizo.

"Haya, baba," akasema, akaondoka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Akampigia simu karani wa Kasulu. Yule naye akamjibu kwamba orodha yote iko kwenye mtandao, aangalie huko, yeye hawezi kumsomea majina yote kwa simu inayokatakata. Mama Stefania akabaki anaandika wazazi kwenye kaunta buku, ukurasa baada ya ukurasa, bila majina ya watoto ya kulinganisha nayo.

Siku ya sita nilikwenda Nduta kutengeneza printa. Mwanamke mmoja akaona kitambulisho changu shingoni, akanishika mkono. Aliitwa Konsolata. Akanieleza kwa Kirundi kwamba mwanawe wa kike alipotelea kwenye msongamano wakivuka mpaka. Ineza, miaka mitano, ana kovu juu ya jicho la kushoto. Eti jina lake halijaonekana popote?

Nilimwelewa neno kwa neno. Tofauti ya Kiha chetu na hicho cha upande wa pili ni ndogo mno, na bibi yangu alinibembeleza kwa maneno hayo hayo. Nikamtazama usoni nikamwambia kwa Kiswahili cha Ubungo, "Sielewi unachosema, mama. Waone wahusika."

Mhusika alikuwa Mama Stefania. Na Mama Stefania nilikuwa nimemfungia mimi.

Njiani kurudi roho ilinisuta, siwadanganyi. Nikapanga nikifika nimfungulie. Kisha nikakumbuka kwamba hajaniomba msamaha. Msamaha wa nini? Wa kunisalimia! Nikaacha.

Siku ya kumi na moja mkuu akarudi. Akasoma ile fomu yangu tukufu, akaigeuza nyuma na mbele, akaniuliza nani ameitunga. Nikaanza habari za usalama wa mfumo. "Fungua," akasema. Nikafungua. Sekunde nne.

Mama Stefania akaketi, akaanza kushuka na orodha, kidole juu ya kioo. Kidole kikasimama. Ineza, miaka mitano, mama yake Konsolata, kovu juu ya jicho la kushoto. Kasulu walimwandika siku ya tatu tangu nimfungie. Siku ile Konsolata ananishika mkono, mwanawe alikuwa tayari kwenye seva yangu, anapulizwa kiyoyozi.

Tulikwenda Nduta mbio, mkuu akaniamuru na mimi nipande. Hema la Konsolata lilikuwa tupu. Jirani yake akatoka.

"Amerudi Burundi juzi, kwa miguu. Alisema ameuliza kila mtu hapa, hakuna anayemjua mwanawe. Basi atakuwa amebaki kule."

Kila mtu. Na mimi nimo. Mama Stefania akakaa chini kwenye udongo, kitenge akajifunika uso. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza!

Kesho yake Ineza akaletwa, akakabidhiwa kwa yule jirani, maana mama yake akirudi atarudi pale. Nilikuwepo, nimebeba makaratasi. Mtoto akashuka kwenye gari, akatazama mahema, kisha akanivuta shati. "Mama ari hehe?" Mama yuko wapi. Nilipiga magoti nikamjibu kwa Kiha kwamba sijui. Kiha chote kilikuwepo, hakuna neno lililobaki Ubungo.

Kazi nilifukuzwa, na nashukuru walinifukuza kwa mtindo wangu. Barua iliingia kwenye mtandao wa ndani, na paswedi yangu ikafutwa kabla sijafika kwenye sahihi. Sasa nipo stationari moja mjini Kasulu, nawachapia watu fomu zao. Kuna joto humu! Mteja akiniuliza wino wa rangi gani, nasema wowote, mzee, wowote.

Wiki iliyopita Mama Stefania, aliyekuja Kasulu kikazi, aliingia kutoa kopi. Watu wamejaa. Akainama, akapiga makofi. "Mwakeye, mwana wanje." Nikaacha kompyuta, nikasimama, nikapiga makofi na kuitikia kwa sauti, machozi yananitoka mbele ya wateja. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, ila hawakusema kwamba gharama ya utumwa wangu angeilipa mtoto wa mwenzangu. Nikamwuliza habari za Konsolata.

"Bado," akasema. "Hatujasikia kitu."

Basi wewe uliyeshika paswedi, uwe wa halmashauri, wa hospitali, wa shule, sikia. Mkono ukikuwasha kumfungia mwenzako kwa sababu amekugusa kiburi, mwache aendelee na kazi, hasira utakuja nayo kesho. Humwoni aliyesimama nyuma yake anasubiri. Mimi kufungua kulinichukua sekunde nne. Ineza anaingia wiki ya saba, na kila gari likisimama Nduta anakimbia kuangalia nani anashuka.