Dawa ya Akili Haiuzwi kwa Mgonjwa

Mke wangu ana nadharia yake kuhusu vidonge vya kuongeza akili: anayevitafuta hajapungukiwa na akili, amezidiwa na kiburi. Aliisema siku nilipomsomea makala yangu ya kuwalaani wanafunzi wanaovimeza kabla ya mtihani. Humo niliandika kwamba huo ni wizi ule ule wa mitihani, ila huu unateremshwa kwa maji. Niliupenda sana mstari huo. Niliurudia redioni Kasese, nikaurudia kanisani, na mara moja mazishini, bila sababu yoyote.

Kisha kaka yangu wa Rukoki, mkulima wa kahawa, akaniteua niwe msemaji tutakapokwenda Bwera kumposea mwanawe. Tatizo lilikuwa msemaji wa upande wa binti, mzee mmoja mwenye malori, ambaye aliwahi kuwarudisha wageni hadi langoni waingie upya kwa sababu walisalimia ovyo. Nilikuwa nimemsikia katika harusi moja Katunguru, na tangu siku hiyo sauti yake haikunitoka. Nikinyoa ndevu, namsikia. Nikitafuta methali, ananitangulia kuisema.

Mtu mmoja niliyewahi kumfundisha aliniambia kwamba Bwera vidonge hivyo vinapatikana, vinavuka kutoka Kongo. Makala yangu haikunisumbua hata kidogo. Wanafunzi wanatafuta alama tu. Mimi nilitafuta kumwaibisha mzee wa watu mbele ya ukoo wake, jambo ambalo niliona lina uzito zaidi.

Duka la dawa lilikuwa la mama mmoja Mkongomani. Nyuma yangu alisimama mama mwingine, mwenye kitenge cha njano, ambaye sikumjali. Niliinama juu ya kaunta nikanong'ona kwamba nataka dawa ya akili.

"Mugonjwa iko wapi?" akauliza mwenye duka.

"Ni mimi."

Akanitazama jicho moja, kisha la pili. "Unalalaka?"

Nikamwambia sipati usingizi vizuri. Akauliza kama huwa nasikia sauti. Nilishangaa jinsi swali lilivyolenga. Nikajiambia, hawa watu wanaijua kazi. Nikakiri kwamba naam, nasikia sauti ya mzee mmoja, hasa nikinyoa ndevu.

"Inakuambiaka nini?"

"Kwamba atanishinda."

Akafunga kabati taratibu. Alisema dawa ya akili haiuzwi kwa mgonjwa mwenyewe. Nirudi na mtu wa kwetu, na karatasi ya daktari. Yule mama wa kitenge akanishika kiwiko.

"Pole, papa," akasema. "Mungu iko."

Nilitoka mikono mitupu, nimeudhika kidogo, lakini nikiwaza kwamba watu wa Bwera wanawaheshimu wasomi kuliko sisi wa Kasese.

Siku ya posa mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili, kwa kuwa wajomba wa binti walivuka mpaka kutoka Kasindi, upande wa Kongo. Kwa kukosa kidonge, nilimaliza chupa nzima ya kahawa ya kaka yangu, nikasimama katikati ya hema. Nilianza vizuri. Sikuwa hata nimefika kwenye methali ya kwanza mama mmoja aliyevaa gauni la gomesi alipoinuka katika safu ya mashangazi wa binti, akanitazama, akaenda kumnong'oneza mzee wa malori.

Hapo mzee akabadilika. Mtu aliyerudisha wageni langoni akaniletea kiti kwa mikono yake. Akaagiza niletewe maji, na watoto wasipige kelele karibu yangu. Nilimrushia methali yangu kali kuliko zote. Akaitikia, "Vizuri, vizuri kabisa," kwa sauti ya kumbembeleza mtu ashuke juu ya paa. Nikajua ameniogopa. Nikapandisha sauti, nikaanza na kurusha mikono. Kila niliporusha mikono, safu ya mbele ilisogeza viti nyuma.

Mwishowe mzee akainama kidogo. "Baba, tunauliza bila kasirani," akasema. "Shangazi yetu alikukuta unatafuta dawa. Ugonjwa huu uko mu damu ya kwenu, ao ni wako peke yako?"

Ndipo nilipomtambua mama wa kitenge. Mimi nilikwenda dukani kuongezewa akili. Wao walielewa kurudishiwa. Na huku kwetu binti haozwi kwenye ukoo wenye wazimu, hata mbuzi wawe wanono namna gani. Kaka yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mwanawe, ndani ya koti la kuazima, alinitazama kama mtu ambaye nyumba yake inaungua na ndoo ameishika mwingine.

Akili yangu, bila kidonge, ilinipa uongo mzuri papo hapo: nilikuwa namnunulia jirani. Lakini shangazi alikuwa amesikia yote, hadi habari za ndevu.

"Mzee, sauti ninayoisikia ni yako," nikasema. "Sina wazimu. Nilitaka kidonge cha kunisaidia nikushinde leo."

Mzee akaweka mkono sikioni.

"Sema tena kidogo. Kule nyuma hawajasikia."

Nikasema tena. Akageuka kushoto, akageuka kulia, kama anayepigwa picha, kisha akataka kujua kama kilichonikosesha usingizi ni hotuba yote ya Katunguru au ule mwisho wake tu.

Shangazi hakumngoja amalize. "Basi hiyo si wazimu," akasema. "Ni kiburi. Na kiburi hata sisi tuko nacho mu familia. Muangalie tu vile kinasimama hapo mbele."

Hema zima likacheka, na nyuma ya pazia walikomficha binti kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mzee akaketi. Mbuzi wetu wa mahari wakashushwa garini na kupelekwa nyuma ya nyumba, na kaka yangu akainua uso.

Wakati wa chakula shangazi alipanga viti mwenyewe: mimi ncha moja ya hema, mzee ncha nyingine, na yeye katikati, akila polepole na kututazama kwa zamu.