Uyoga Ambao Mdudu Hakuuonja

Juzi nilipita kwa jirani yangu nikamkuta akichemsha maganda makavu ya maharagwe kwenye nusu pipa, chakula cha ng'ombe wake aliyekuwa ametoka kuzaa. Mvuke uliponifika puani, nikaziba pua nikajishika ukutani. Jirani akaniuliza kama ninaumwa, nami nikamwambia ni jua tu. Ningemwambiaje mtu mzima mwenzangu kwamba ninaogopa harufu ya maganda ya maharagwe? Wewe nitakueleza, lakini usinicheke kabla sijamaliza.

Tulikaa kwenye vilima vya Makueni, mahali ambapo upepo ukigeuka unasikia malori ya barabara ya Mombasa yakikaribia mji wa Salama. Baba alifanya kazi Athi River na alikuja mwisho wa mwezi. Nyumbani tulibaki watatu: mama, niliyemwita Mwaitu kama watoto wote wa Ukambani wanavyowaita mama zao, nyanya yangu mzaa baba, Susu, ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu, na mimi, Mutheu, mwanafunzi wa darasa la nne na wakati huo mtoto wa pekee.

Mwaka ule mvua ilitudanganya. Ilinyesha wiki moja, watu wakapanda, kisha ikaenda zake, na mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti. Ndipo afisa wa kilimo alipokuja kwenye mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaosaidiana kazi za shamba, akawafundisha zao alilosema halingoji mvua, linakaa ndani ya nyumba na kunyweshwa maji ya kikombe. Uyoga. Akina mama walisikiliza, wakapiga makofi, wakarudi makwao kuchambua kunde. Mama yangu pekee ndiye aliyerudi na chupa mbili za mbegu chini ya leso.

Nilizitazama chupa zile nikarudi nyuma. Ndani mlikuwa na punje za mtama zilizofunikwa na ukungu mweupe kabisa. Mtoto wa Ukambani hafundishwi mara mbili kuhusu ukungu. Mwaitu huyu huyu aliwahi kuninyang'anya hindi la kuchoma lenye doa dogo la kijani, akalitupa mbali na kuku wasilipate. Sasa alikuwa ameukumbatia ukungu chupa mbili, na ananiambia niondoke mlangoni nisije nikamwangusha.

Na kulikuwa na jambo la Kamene. Kamene alikuwa akikaa nami dawati moja. Msimu wa mvua uliotangulia, yeye na kaka yake waliokota uyoga kando ya mto, wakaupika wenyewe mama yao akiwa sokoni. Kesho yake Kamene alikuja shuleni kama kawaida. Tuliruka kamba, na alinishinda. Wakati wa chakula cha mchana akaanza kushika tumbo. Sikumwona tena. Walizikwa siku moja, yeye na kaka yake, na mwalimu hakuniletea mwenzangu wa dawati mpaka muhula ukaisha.

Baada ya mazishi Susu aliniketisha kwenye kigoda chake. Susu alikuwa hodari wa uyoga wa porini. Mvua ikinyesha alijua ni kichuguu gani kitakachotoa na siku gani, na alikuwa na masharti yake: ukiuona usiunyooshee kidole, usipige kelele, na kabla ya kuung'oa uinamie uutazame kila upande. Alikuwa akitafuta alama ya meno. Kama mchwa, konokono au mdudu yeyote amemega kipande, anauweka kikapuni. Kama uko mzima, anauacha hapo hapo, hata uwe mnene kiasi gani.

"Mdudu ndiye mwonjaji," aliniambia. "Mdudu akikataa, wewe ni nani? Hao watoto hawakutazama."

Leo ninajua kanuni ile si kweli, na naomba usiende nayo porini. Wako wadudu wanaokula kinachoua watu, tena wanashiba. Lakini nilikuwa na miaka kumi, nimempoteza rafiki, na Susu alikuwa hajawahi kuugua tumbo. Nilishika neno lake kama aya ya Biblia.

Mwaitu alianza kazi kwenye jiko la zamani la Susu, kibanda cha udongo kilichokuwa hakitumiki. Aliziba dirisha kwa gunia. Alichemsha maganda ya maharagwe kwenye nusu pipa tangu asubuhi hadi jioni, boma zima likanuka, akayapoza, akayashindilia kwenye mifuko ya nailoni huku akinyunyiza ule mtama wa ukungu tabaka kwa tabaka. Mifuko kumi na miwili ikaning'inia darini kwa kamba. Mlangoni alitundika neti ya mbu na kuweka beseni la maji ya sabuni. Hakuna kuingia bila kunawa, hakuna kuacha neti wazi, na mdudu asionekane humo ndani.

Susu alisimama nje, mikono nyuma, akatazama maandalizi hayo yote.

"Mama Mutheu, hii kitu haipandwi," alisema. "Hii hupewa tu na Mungu."

"Hata mahindi ni ya Mungu, mama, na tunapanda," Mwaitu akajibu kwa heshima. "Tena hayo mahindi tumepanda na yamekauka."

Kazi yangu ikawa kunyunyizia maji kila nikirudi kutoka shuleni. Nikuambie kweli, sijawahi kuchukia kazi kama ile. Nilinawa, nikainua neti, nikaingia kwenye giza lenye unyevu na harufu ile, na mifuko ikanigusa mabega. Kila siku weupe ulikuwa umepanda juu zaidi ndani ya nailoni, ukila yale maganda polepole bila sauti. Nilinyunyiza nikiwa nimefumba macho. Sehemu kubwa ya maji iliishia miguuni pangu.

Wiki ya nne, kwenye matundu aliyotoboa Mwaitu, vikatokea vichwa vidogo. Baada ya siku tatu vilikuwa vimekua vipana kama masikio ya mbuzi, vya rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu kidogo. Mwaitu aliniita, akainua kimoja kwa ncha ya kidole.

"Unaona vile iko safi? Hakuna hata mahali mdudu ameguza."

Alisema kwa fahari. Nilikagua mifuko yote kumi na miwili, kichwa kimoja baada ya kingine, juu na chini. Hakukuwa na alama ya jino hata moja. Kwa kanuni ya Susu, mama yangu alikuwa amefuga kifo ndani ya jiko, na alikuwa ametangaza kwamba Jumapili baada ya kanisa ataupika.

Utauliza kwa nini sikumwambia. Kwetu mtoto hasemi kifo cha mzazi wake, kwa sababu mdomo unaita. Nami niliamini hivyo kabisa, kwamba nikitamka tu, nimemwua mimi. Kwa hiyo nilitafuta njia nyingine. Tatizo lilikuwa neti. Wadudu hawakukataa; walinyimwa nafasi ya kuonja. Basi ningewapeleka kwenye chakula, na wakila, mama atapona.

Jumamosi Mwaitu alipokwenda kusafisha kanisa na wenzake, nilichukua mkebe mtupu wa mafuta nikazunguka boma. Nikakusanya fukusi kutoka kwenye maharagwe, sisimizi, panzi wawili, kiwavi mmoja wa kwenye kunde, na mchwa niliowachimba kwa kijiti mpaka wakaniuma. Nikaingia nao. Sikunawa. Niliwaweka mmoja mmoja juu ya uyoga, nikachuchumaa, nikangoja. Niliwabembeleza hata. Fukusi wakajifanya wamekufa, wakaanguka. Sisimizi wakatembea mpaka kwenye kamba wakapanda darini. Panzi wakaruka. Kiwavi, ambaye usiku mmoja tu angemaliza mche wa kunde, alizunguka ukingo wa uyoga mara mbili, akainua kichwa, akageuza njia.

Leo ninacheka. Siku ile nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimepata jibu. Kabla ya kutoka nilikunja neti juu nikaifunga kwa uzi, ili kama kuna mdudu yeyote mwenye huruma apite aingie.

Jumapili Mwaitu aliupika kwa vitunguu na nyanya. Aibu yangu kubwa ni kwamba ulinukia vizuri, na mate yalinijaa mdomoni huku nimekufa kwa hofu. Alinipakulia ugali na kunde. Yeye akajipakulia uyoga wote, sufuria nzima, akala peke yake.

"Na mimi?" niliuliza, kwa sababu kutouliza kungeonekana vibaya.

"Wewe kula kunde. Hii ni yangu leo."

Nilidhani ni uchoyo, na nikamsikitikia zaidi, kwamba mtu afe na bado awe mchoyo. Alikula taratibu mpaka mwisho, akafuta sahani kwa tonge. Mchana wote nilimfuata kila alipokwenda, hata chooni nilisimama nje. Alikuwa mzima. Lakini Kamene pia alikuwa mzima siku ya kwanza.

Jumatatu nililazimishwa kwenda shule. Sikusikia hata neno moja la mwalimu. Ilipolia kengele ya chakula cha mchana, saa ile ile ambayo Kamene alianza kushika tumbo, nilitoka mbio. Nilipofika nyumbani nilimwona Mwaitu amelala kwenye mkeka nje ya mlango, ubavu chini, mdomo wazi kidogo, inzi akitembea kwenye mkono wake. Mama yangu hakuwa mtu wa kulala mchana. Sikuwahi kumwona amelala jua likiwa juu, hata alipokuwa na malaria.

Sikumgusa. Niliogopa kumkuta baridi. Nilikimbia kwa Susu nikiita, na kabla sijafika mlangoni, kabla sijasema lolote, Susu alitoka na kibuyu cha maziwa mkononi, amejifunga leso kiunoni, analia tayari. Alikimbia, mwanamke yule ambaye kutembea kwenyewe kulikuwa kwa fimbo. Akamwinua Mwaitu kichwa akammiminia maziwa mdomoni bila kuuliza.

Mwaitu akapaliwa. Akakohoa, maziwa yakamtoka puani, akaketi akitutazama kwa macho mekundu.

"Mnataka kuniua na maziwa?"

Nilimwangukia. Nilimwambia kila kitu kwa mkupuo mmoja, Kamene, meno ya mdudu, mkebe, kiwavi, neti. Nilitegemea fimbo. Susu alikaa chini kwenye vumbi na kuangalia pembeni. Mwaitu akaenda mpaka kwenye jiko la zamani, akafungua ule uzi wa neti, akaishusha. Inzi wadogo weusi walikuwa tayari wamejaa ndani. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alinipangusa kamasi kwa leso akanirudisha shule.

Zao la pili halikutoka. Mabuu yaliingia kwenye mifuko, ukungu wa kijani ukafuata, na baada ya wiki mbili Mwaitu aliibeba yote kumi na miwili akaifukia nyuma ya shamba. Nilimsaidia kuchimba. Alianza tena mwaka uliofuata, na miaka mingi wenye hoteli wa Salama walimjua kama mama wa uyoga. Ile ni habari nyingine.

Kwa muda mrefu nilikumbuka siku zile mbili kama hofu yangu mimi. Mama katika kumbukumbu hiyo alikuwa mtu asiyejua, anayekula kwa furaha, na mimi ndiye niliyejua. Susu nilimwona kama nabii, aliyehisi mambo kabla ya kuambiwa. Ni mpaka nilipokuwa na watoto wangu ndipo nilipoanza kujiuliza maswali ambayo mtoto hajiulizi. Mtu aliyekula vizuri na kulala vizuri, kwa nini alale tena mchana? Na Susu, aliyekuwa na ng'ombe mmoja asiye na maziwa mengi, aliweka kibuyu kizima cha nini?

Nilimwuliza Mwaitu siku moja nilipokwenda kumtembelea, Susu akiwa ameshatuacha. Tulikuwa tunapepeta mbaazi. Hakushangaa kwamba nimeuliza. Nafikiri alishangaa kwamba nilichelewa.

"Usiku ule sikulala," alisema. "Nilikaa nikisikiliza tumbo. Afisa alisema ni salama, lakini yeye hakumzika mtoto wa mtu hapa. Mimi nilikuwa kwa ile mazishi. Nilimwosha Kamene."

Sikuwa nimejua hilo. Miaka yote ile sikujua.

"Sasa kwa nini ulikula?"

"Nilikuwa nataka kuuza. Ningeuzia aje watoto wa watu kitu sijakula?"

Nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa imerudi kuwa ya darasa la nne, kama angekufa mimi ningekuwaje. Mwaitu akapepeta, akapuliza makapi, akatazama kama ungo umesafika.

"Ungekaa na Susu. Tulikuwa tumeshaongea," akasema. "Hata nguo zako nilikuwa nimepeleka kwake ile Jumapili kabla sijapika, zile ulizovua ukitoka kanisa. Wewe hukuona tu."